Naomba ushauri: propaganda za vita vya 1979 darasani

Wadau, shikamooni wakubwa. Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Masaka, Uganda. Muhula huu nimewapa wanafunzi somo la lugha ya kushawishi, nikachukua vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, maana viko mlangoni kwetu.

Upande wa Tanzania kazi ni rahisi. Hotuba ya Nyerere ya Novemba 1978, "uwezo tunao, sababu tunayo, na nia tunayo", inajifundisha yenyewe, na wanafunzi wanaona jinsi maneno machache yalivyowafanya raia watoe ng'ombe, chakula na magari kwa ajili ya jeshi.

Shida iko kwetu. Radio Uganda ilikuwa ikitangaza ushindi, hata ikasema Amin yuko tayari kumalizana na Nyerere ulingoni kwa ngumi. Darasa zima lilicheka. Binti mmoja hakucheka. Kesho yake babu yake akaja: mwanawe alikuwa askari wa Amin na hakurudi. Akaniambia, "Mwalimu, sisi tuliiamini ile redio. Mwanangu naye aliiamini." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Mji huu wenyewe ulivunjwa kwa mizinga ya Tanzania Februari 1979, kwa hiyo wapo pia wazee waliofiwa na ndugu zao kwa mizinga hiyo.

Je, nimwalike mzee azungumze na darasa, au nitakuwa namtonesha kidonda? Na waliowahi kufundisha mada hii Rakai au Mbarara, mlianzia wapi?