Tupeane uzoefu: mchango wako wa tetemeko uliishia wapi?

Bin Kisauni: Tetemeko la Uturuki na Siria la Februari 2023 nilikuwa mmoja wa waliohesabu mchango msikitini kwetu. Ijumaa mbili, karai limejaa sarafu na noti za hamsini, na bangili moja ya dhahabu ambayo mpaka leo sijui ni ya nani. Uturuki peke yake walikufa zaidi ya watu 50,000. Tulituma, kisha kimya. Hatukuuliza tena, na hilo linanisumbua. Nyie je?

Mama Salma: Sisi wanawake wa mtaa tulikusanya nguo, magunia manane. Mjomba wangu wa bandarini akacheka: "Hayo magunia nauli yake inazidi bei yake." Tukayauza sokoni Kongowea, tukatuma pesa. Sweta zilikuwa nne tu, na kule Uturuki ilikuwa baridi ya theluji!

Shemeji wa Bukoba: Mke wangu ni wa Bukoba. Tetemeko la 10 Septemba 2016, ukubwa wa 5.9, lilipasua ukuta wa chumba cha mama mkwe kutoka dirishani hadi chini, unapitisha kiganja. Pesa yetu ya kwanza ilinunua turubai. Januari 2017 Rais Magufuli akaenda huko Kagera, mkoa wenye Bukoba, akasema serikali haitamjengea mtu nyumba, michango ni ya shule, zahanati na barabara. Nyumbani kwangu siku hiyo hakukulika. Lakini Ihungo, ile sekondari, ilijengwa upya kweli, na mtu aliyekwambia hapana unajua utajipangaje. Tulijenga kwa awamu: mwezi huu mifuko sita ya simiti, mwezi ujao hamna kitu. Mwaka na nusu mama wa watu yuko jikoni analala.

Fundi Bamburi: Hiyo mifuko sita ilitosha mkanda wa zege juu ya madirisha, ule unaozunguka nyumba nzima? Ndio unaoshika kuta zisifunguke kama boksi. Wateja wangu hapa wanaukata wa kwanza bajeti ikibana. Wengine huniletea mchanga wa baharini kwa sababu ni wa bure, chumvi inakula nondo, halafu lawama kwa fundi.

Shemeji wa Bukoba: Mkanda upo, fundi. Ndio uliotufilisi.

Dada Majengo: Mimi si tetemeko, ni moto, uliteketeza vyumba vyetu vitano. Wiki ya kwanza tulipata magodoro na unga mpaka tukagawia majirani, Mungu awalipe. Wiki ya nne hakuna aliyebisha hodi, na ndio fundi amefika. Mzee mmoja jirani, muuza kahawa, ndiye pekee aliyeniuliza, "Binti yangu, umepungukiwa nini hasa?" Nikamwambia misumari. Jioni akaja na kilo tatu, ya inchi nne, kaifunga kwenye gazeti.