Datsun 240Z ya Safari 1971, skeli ya 1/24: bodi nipige lakeri ya kopo, akriliki au rangi ya gari?

Mtoto_wa_Nyali
Salaam wakuu. Nimepata ile modeli ya plastiki ya kuunganisha ya Hasegawa, Datsun 240Z ya mbio za magari za Safari ya 1971, nyekundu yenye boneti nyeusi, namba 11, gari ya Edgar Herrmann na Hans Schüller. Hawa walikuwa washachukua Safari 1970 na Datsun 1600 SSS, mwaka uliofuata wakaja na hii wakachukua tena, na wa pili akawa Shekhar Mehta na 240Z nyingine. Kwangu mimi hakuna gari ya mashindano iliyo tamu kuiangalia kama hii kwa hivyo sitaki kuifanyia pupa.

Kinachonisumbua ni rangi ya bodi. Niko Mombasa, ghorofa ya tatu, pa kupigia ni kwenye baraza tu. Naweza kutafuta kopo la Tamiya TS-8, lakeri nyekundu ya kupuliza, naweza kuazima kompresa ndogo ya shemeji nipige akriliki za chupa kwa eabrashi, kile kibunduki kidogo cha kupulizia rangi, au niende duka la rangi za magari wanichanganyie nyekundu. Kopo ndilo gumu, hata shangazi akija kutoka Dubai hawezi kulibeba kwenye ndege, makopo ya rangi ya presha hayaruhusiwi, ni mpaka mzigo wa meli. Nisaidieni nyinyi mliopiga zote.

KimRally
Kopo tu buda. TS-8 inashika plastiki poa, inakauka haraka, na kubwa zaidi inakaa nyembamba. Hiyo gari ikiisha ni sentimita 17 hivi, ukirundika rangi nene mistari ya milango inajaa na gari inabaki kama kipande cha sabuni kilichotumika.

Chini ya nyekundu usiweke praima, ile rangi ya kwanza ya kushikia, ya kijivu, nyekundu haina nguvu ya kufunika, itatoka nzito yenye giza. Weka nyeupe ama ile praima ya waridi ya Tamiya, hapo nyekundu inawaka bila kuilazimisha. Kopo liloweke kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, yale ya kuogesha mtoto, si ya kuchemka na usilisogeze karibu na moto hata kidogo, presha inapanda na matone yanatoka madogo. Mkono wa kwanza unafukiza tu, bodi ibaki madoadoa, ngoja robo saa, mkono wa pili unafunika, wa tatu ndio wa kung'aa. Kaa umbali wa sentimita 20 hadi 25, anza kubonyeza nje ya bodi na uachie nje ya bodi, mkono usisimame juu ya gari hata sekunde moja, ukisimama tu rangi inalia, yaani inachuruzika.

Zuhura_DSM
Kim kaka yangu hiyo ni hewa ya Nairobi. Huku pwani ukipiga lakeri ya kopo wakati wa masika inaota ukungu. Thina inaruka kwa kasi, ikiruka inapoza uso wa rangi, unyevu wa hewani unakuja kukaa pale pale, na nyekundu yako inapata utando mweupe. Kwenye boneti nyeusi ndio balaa maana unaonekana hata ukiwa mlangoni. Mara nyingine unaokolewa kwa kufukiza juu yake thina inayokauka polepole, ila usipange kazi kwa kutegemea hiyo.

Mimi ni akriliki, lakini tuzitenganishe maana watu wanaziweka kapu moja. Zile za Tamiya zenye namba za X na XF ni za spiriti, na zinakubali kuchanganywa na thina ya lakeri, ile ya Mr. Color Levelling ina kicheleweshi ndani yake, basi rangi inapata muda wa kujilaza yenyewe kabla haijakauka na ukungu unapungua sana. Vallejo ni ya maji kabisa, haina harufu, watoto wakiwa ndani huna wasiwasi, unasafisha kwa maji ya bomba, ila kwenye joto letu inaganda kwenye ncha ya sindano kila saa na ukipiga msasa inachunika vipande badala ya kusagika. Kwa bodi inayotakiwa ing'ae siipeleki huko, naiweka kwenye viti na dashibodi, huko haina mpinzani.

Ningekuwa wewe ningechukua X-7, nyekundu ya kung'aa ya Tamiya, na hiyo thina, presha ya chini, halafu uangalie kompresa ya shemeji kama ina chujio la maji. Pwani kile kikombe kinajaa maji kweli, bila hicho eabrashi inatema matone katikati ya mlango.

FundiBodi_Eld
Habari za humu. Mimi kazi yangu ya mchana ni kupiga rangi magari yenyewe, modeli ni za jioni. Rangi ya gari inafaa na ni bei rahisi kuliko zote, wanakupimia kiasi kidogo na unapata nyekundu yoyote unayoitaka, ukienda na picha au kipande cha rangi wanakutafutia. Lakini sikiliza vizuri. Plastiki ya modeli ni polisitarini na thina ya kawaida ya gereji inaila, unaona uso unakunjamana na mistari ya milango inayeyuka mbele ya macho yako. Kwa hiyo lazima praima, na mikono ya mwanzo iwe mikavu kabisa, bunduki ikae mbali, rangi ifike karibu vumbi. Kwanza jaribu kwenye zile fremu vipande vinapokatwa, si unazitupa tu.

Kwa klia, ile rangi angavu ya kupaka juu, ya tu-kei, inayochanganywa na hadina ili ikauke, ndiyo ninayoipenda kuliko zote, inang'aa na haikwaruzwi ovyo ovyo. Tatizo ni hadina yake, ina isosayaneti, hiyo inashambulia mapafu, na mwili ukishaanza kuikataa hata kidogo tu inakuletea pumu. Maski ya kitambaa au ya hospitali haizuii kitu. Sasa kwenye baraza la ghorofa, majirani juu na chini, nguo za watu zimeanikwa, naomba usipige tu-kei hapo. Ukiitaka peleka bodi gereji yenye chumba cha kupigia umlipe fundi, kazi yenyewe ni dakika chache.

KimRally
Zuhura ana haki kuhusu unyevu, hata huku Aprili nangojea mchana jua likitoka ndio napiga. Lakini mtu akipata siku kavu mimi bado ni kopo, kwa sababu hauoshi chochote ukimaliza.

Niongezee moja, inameli, ile rangi ya mafuta. Lakeri ikiwa chini na inameli juu hakuna shida, ndiyo maana mistari ya milango tunaijaza kwa inameli nyeusi iliyolainishwa na tukikosea tunafuta. Geuza hiyo, inameli chini na lakeri juu, bodi nzima inakunjamana. Kwa hivyo vile vikopo vya inameli vya Humbrol weka kwa mistari na chini ya gari, si kwa nyekundu.

Mzee_wa_Voi
Nawasoma wanangu na nafurahi kuona gari hii bado ina watu. Safari ilikuwa Pasaka, mvua ndiyo zinaanza, na miaka ile magari yakitufikia huku yalikuwa mekundu mara mbili, kwa rangi yao na kwa udongo wetu. Nyuma ya magurudumu na nusu ya chini ya milango huoni rangi kabisa, ila paa na juu ya milango panang'aa bado, na kwenye kioo cha mbele pamebaki zile pande mbili waipa zilipofuta. Basi katika kuchagua kwenu chagueni rangi itakayostahimili kupakwa matope na kufutwa na kupakwa tena. Gari ya Safari isiyo na matope mimi naiona haijaondoka Nairobi.

Mtoto_wa_Nyali
Shikamoo mzee wangu, hilo la waipa nitalifanya lazima. Fundi asante, tu-kei nimeiacha. Nimeamua X-7 na thina ya Zuhura juu ya praima nyeupe, nitapiga mchana siku isiyo na mvua, na TS-8 ikija na meli nitaiwekea ile 240Z ya Mehta ya 1973, ile aliyolingana pointi na Harry Källström akapewa ushindi kwa kuwa alienda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa. Zuhura mambo mawili dada, sehemu nyeupe za dekali, zile stika za kuloweka majini, za namba hazitaonyesha wekundu wa chini? Na matope nitumie udongo wenyewe?

Zuhura_DSM
Zitaonyesha, zitakuwa na uwaridi. Kata kipande cha dekali nyeupe tupu, kidogo kuliko ile ya namba kwa unywele tu, kiweke chini, kikauke, ndio uweke ya namba juu. Na klia ukiamua ni ya lakeri mikono ya mwanzo iwe ya kufukiza, ukiilowesha mara moja inazila dekali zinajikunja.

Udongo wenyewe hapana, mzee atanisamehe. Chembe ya nusu milimita kwa skeli hii ni jiwe la sentimita 1.2, gari itaonekana imepigwa kokoto. Saga chaki za kuchorea za kahawia na nyekundu, changanya na maji na tone la sabuni, paka kuanzia chini kwenda juu, ikikauka futa kwa kijiti cha pamba ukielekea nyuma ya gari. Kwenye kioo cha mbele kata masking tepu umbo la waipa uibandike kabla hujapaka. Hujaridhika unaosha unaanza upya, ukiridhika unafukiza klia isiyong'aa sehemu za matope peke yake.

Mzee_wa_Voi
Nimekusamehe binti. Kwenye hiyo chaki ongezeni rangi ya chungwa kidogo, udongo wa Voi ukikauka unapauka hivyo. Yale matope mazito ya giza yaweke ndani ya matao ya magurudumu peke yake, huko ndiko yalikuwa hayakauki.