Kitufe kimeandikwa "Kichwa", msimbo unaotoka ni takataka, lawama nabeba mimi

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Naandika nikiwa na hasira, mtaniwia radhi.

Kazi yangu ni kupandisha maudhui kwenye tovuti ya watu: makala, matangazo, fomu. Juzi msomaji asiyeona alituma ujumbe mfupi wa heshima. Anasema makala yetu ndefu haina kichwa hata kimoja, inambidi asikilize neno la kwanza mpaka la mwisho ndipo afike anapopataka. Bosi akanigeukia mimi. Nikashangaa, maana vichwa niliviweka saba kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kitufe kilichoandikwa "Kichwa".

Nikafungua msimbo. Kihariri, yaani programu tunayoandikia makala, kimeandika p (alama ya aya), ndani yake span, ndani ya span kuna b (herufi nene), na saizi ya fonti pikseli 24. h2 hakuna. h3 hakuna. Hizo ndizo alama za HTML za vichwa vya ngazi ya pili na ya tatu. Yaani kitufe kinaitwa Kichwa, lakini kazi yake ni kunenepesha herufi!

Kwa asiyejua: anayetumia NVDA, kisoma-skrini kinachomsomea asiyeona kwa sauti, hubonyeza herufi H akaruka kutoka kichwa hadi kichwa, kama wewe unavyopitisha macho kwenye ukurasa. Pasipo h2, ile H haina pa kumpeleka. Kwa macho ukurasa unapendeza, kwa masikio ni ukuta.

Kubandika kutoka Word sisemi sana, kila mtu hapa ameshaliona MsoNormal, lile takataka la Word ndani ya msimbo, likizaana. Twende kwenye picha.

Ukipandisha picha, kihariri hakikuulizi kitu. Kinachukua jina la faili na kulitia kwenye alt, pale panapokaa maelezo ya picha anayosomewa asiyeona. Basi msomaji anasomewa "ai em ji nne sifuri tatu mbili nukta jei pi ji" katikati ya habari ya maana. Sehemu ya kuandika maelezo ya picha ipo, ndiyo, ukibofya picha, kisha mipangilio, kisha "zaidi", kisha ushuke chini kabisa. Palette ya rangi 64 ipo juu kabisa, huwezi kuikosa. Na ikiwa picha ni pambo tu, linalotakiwa kuachwa na alt tupu ili kisoma-skrini kiipite kimya? Hiyo haiwezekani. Ukifuta maneno, kihariri kinarudisha jina la faili. Kinakuona umesahau!

Linaloniuma kuliko yote ni lugha. Tovuti nzima tunaandika Kiswahili, lakini kihariri kimegandisha lang="en" kwenye kila ukurasa na hakuna mahali pa kubadilisha. Matokeo yake kisoma-skrini kinaisoma kwa matamshi ya Kiingereza. Jaribuni wenyewe kusikiliza "tunawakaribisha wananchi wote" ikitamkwa hivyo, kisha mniambie kama mmeelewa hata nusu. Dawa yake ni herufi mbili tu: sw. Herufi mbili, wakuu, na nimeziomba tangu mwaka jana.

Msinijibu kwamba haya ni mambo mapya, watengenezaji hawajayafahamu. W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, walitoa mwongozo wa kwanza kwa ajili ya vihariri vyenyewe, ATAG, mwaka 2000. Toleo la pili likatoka 2015. Humo imeandikwa waziwazi kwamba jina la faili lisitumike kama maelezo ya picha. Tena imeandikwa kwamba nyenzo za kumsaidia mwandishi kwenye ufikivu, yaani kuwafanya wenye ulemavu waweze kutumia tovuti, zionekane angalau sawa na zile za kukagua tahajia na mfano wake. Kihariri chetu nikikosea herufi moja kinanipigia mstari mwekundu papo hapo. Nikiacha picha kumi bila maelezo, kimya. Kila mtu anaitaja WCAG, mwongozo wa ufikivu wa maudhui yenyewe, uwiano wa rangi ya maandishi na mandharinyuma wa 4.5 kwa 1 wanaukariri kama sala, lakini ukiuliza kuhusu ATAG wanakutazama kama umetukana.

Tena ATAG ina sehemu mbili, na ile ya kwanza inahusu sisi tunaoandika. Kuna mwenzangu hatumii kipanya, mikono haimruhusu. Anaingia kwenye eneo la kuandikia kwa Tab, na hapo ndipo safari inapoishia, kwa sababu humo ndani Tab inasogeza aya na hakuna kitufe kingine cha kumtoa. Vitufe vya juu navyo ni div zilizotiwa onclick, yaani visanduku vya kawaida vilivyofundishwa kubofywa, kwa hiyo kibodi haivifikii kabisa. Elementi ya button ipo kwenye HTML miaka yote hii, bure, inakuja na kila kitu. Kilichowashinda ni nini?

Nimewaandikia waliotuuzia mara tatu. Jibu la tatu: "Mfumo unafanya kazi kama ulivyokusudiwa." Wakafunga tiketi.

NYONGEZA: Naona wawili watatu mmenishauri tununue kile kiwijeti cha ufikivu cha kubandika pembeni ya ukurasa, chenye alama ya mtu aliyepanua mikono. Hapana. Kiwijeti hakijui kwamba maneno yangu manene yalikuwa kichwa cha ngazi ya pili, na hakijui picha ile ilikuwa ya nini. Mimi ndiye niliyejua, na nilibonyeza kitufe sahihi.

NYONGEZA 2: Anayetumia kihariri kinachotoa h2 kweli ukikiambia kichwa, naomba aweke hapa msimbo uliotoka, si picha ya skrini ya tangazo lao. Bandika aya moja, kichwa kimoja, picha moja. Na utuambie kama Tab inakutoa.