Seli za neva za binadamu zinazooteshwa maabara: tuweke mpaka sasa au tusubiri?

Mleta mada:

Wakuu habari zenu, hili jambo nimekaa nalo kichwani karibu wiki nzima nikaona bora niliweke hapa tulijadili. Swali ni hili, seli za neva za binadamu zinazooteshwa maabara mpaka zinaungana na kuanza kurushiana ishara, je ziwekewe mpaka wa kisheria sasa hivi au tuwaache watafiti waendelee mpaka siku itakapoonekana kuna shida?

Kwa ambao hawajakutana na hii kitu. Mtu anatoa kipande kidogo cha ngozi au damu, zile seli zinarudishwa nyuma kuwa seli shina, yaani zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, njia ambayo mtafiti wa Japani Shinya Yamanaka aliionyesha kwa panya 2006 na kwa seli za binadamu 2007 na ikampa Nobel 2012, alafu zinalishwa na kuelekezwa zigeuke seli za ubongo. Mwaka 2013 Madeline Lancaster na Jürgen Knoblich kule Vienna wakaonyesha kwamba ukiziacha zikue ndani ya ute mzito badala ya kuzitandaza bapa kwenye sahani, zinajipanga zenyewe, zinafanya matabaka, zinatoa kidonge cha milimita 4 hivi kinachofanana na ubongo wa kijusi wa miezi ya mwanzo. Wanakiita oganoidi. Hakuna aliyezichorea ramani.

Na hapo kwenye "zenyewe" ndo panaponigusa mimi. Seli ya neva ikizaliwa haikai ilipo, inahama, inafika sehemu yake, alafu inatoa mkia mrefu unaoitwa aksoni, na ncha ya ule mkia ina kitu kama kiganja kinachopapasa huku na huku, kemikali hii inakivuta, ile inakifukuza, mpaka kinakutana na seli nyingine na hapo inajengeka sinapsi, upenyo wa kama nanomita 20 tu ambao ishara inauvuka kwa kemikali. Ross Harrison aliliona hili mwaka 1907, alichukua tishu ya kiinitete cha chura akaiweka kwenye tone la limfu (majimaji ya mwilini), akawa anaangalia kwenye hadubini nyuzi zikirefuka mbele ya macho yake. Kwa hiyo kuotesha neva nje ya mwili sio jambo la jana. Kipya ni kwamba sasa ni za binadamu, ziko mamilioni, na watu wameanza kuziunganisha na vitu.

Msimamo wangu nauweka wazi: mpaka uwekwe sasa, na usiwe mpaka wa idadi ya seli, uwe mpaka wa zimeunganishwa na nini. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu mada nzuri ila naona unatisha watu bure. Nimefanya kazi maabara miaka kadhaa (sio ya ubongo lakini seli nazijua), na ukiona hicho kidonge kwa macho yako hutakiita ubongo. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva kama bilioni 86, hicho kina milioni chache ukijumlisha na zisizo za neva. Hakina mishipa ya damu, kwa hiyo kikikua kidogo tu katikati panaanza kufa kwa kukosa oksijeni. Hakina jicho, hakina sikio, hakina ngozi. Na neva bila kupokea kitu kutoka nje haziungani vizuri, hili lilishathibitishwa zamani na watafiti wa ubongo Hubel na Wiesel, walifunga jicho moja la paka mchanga wakakuta sehemu ya ubongo iliyotakiwa kuhudumia lile jicho imechukuliwa na jicho lililobaki wazi, wakapata Nobel 1981. Maana yake ubongo unajengwa na kazi. Kidonge kisichoona wala kusikia kinapiga kelele za umeme tu, hakuna mtu mle ndani. Hata miongozo ya watafiti wa seli shina ya 2021 ilisema kwa sasa hakuna ushahidi kwamba vinahisi maumivu au vina fahamu. Sasa mpaka wa nini?

Mleta mada:

Asante sana mkuu, na huo mfano wa paka ndo hasa unaonikosesha raha. Kama kinachokosekana ni kupokea kitu kutoka nje, basi swali linakuwa je kuna watu wanazipa kitu kutoka nje? Wapo. Mwaka 2022 kundi moja la Melbourne lilichukua seli kama 800,000, za binadamu na za panya, wakazilaza juu ya elektrodi (ncha ndogo za kupitisha umeme) na kuziunganisha na gemu ya Pong, ile ya kurudisha mpira kwenye skrini, zikipiga mpira zinapewa ishara iliyotulia, zikikosa zinapewa ishara ya vurugu, na ndani ya dakika chache zikawa zinarudisha mpira muda mrefu zaidi kuliko mwanzo. Walipotumia neno la kwamba zinahisi, wanasayansi wenzao waliwajia juu kwa maandishi, na mi niko upande wa waliowapinga, neno lile lilikuwa kubwa mno kwa kilichofanyika. Lakini zilibadilika kufuatana na ishara zilizopewa!

Mwaka huohuo Sergiu Pașca na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wakapandikiza oganoidi za binadamu kwenye ubongo wa panya waliozaliwa siku chache tu. Kule zikapata damu, zikakua kuliko zinavyokua kwenye sahani, sharubu za panya zikiguswa seli za binadamu zinaitikia, na zikichochewa kwa mwanga panya aliyefundishwa anaenda kulamba maji. Alafu 2025 maabara hiyohiyo ikatengeneza vipande vinne, cha neva za kuhisi, cha uti wa mgongo, cha thalamasi (kituo cha kupitisha ishara katikati ya ubongo) na cha gamba la ubongo, wakavipanga mstari vikaungana vyenyewe. Ile ndo njia ambayo maumivu yanapita kutoka kwenye ngozi yako mpaka kichwani. Wakaweka kile kiini kinachofanya pilipili iwashe, na ishara ikatembea kutoka mwanzo wa mstari mpaka mwisho.

Wenyewe wamesema vile vipande havisikii maumivu, na nawaamini, ishara kupita kwenye njia sio sawa na mtu kuumia. Ila naomba tukubaliane kwamba kutoka "kelele za umeme" mpaka njia nzima ya maumivu imepita miaka 12 tu.

Mchangiaji wa pili:

Naomba mnisome kwa utulivu kwa sababu hili kwangu sio mjadala wa kujifurahisha. Nina mtoto mwenye kifafa kikali. Nimeelezwa na daktari wake kwamba seli zake za neva zinajikuta zinarusha ishara kwa pamoja, zile zinazotakiwa kuwa breki hazifanyi kazi yake. Tumeshabadilisha dawa mara tatu. Kila dawa mpya ilijaribiwa kwa panya kabla ya kumfikia, na mwanangu si panya. Nilipojua kwamba wanaweza kuchukua ngozi ya mgonjwa mwenyewe, wakaotesha neva zenye hitilafu ileile, wakaangalia ni wapi zinaharibika, nililia. Hao wa panya mnaowataja walitumia pia seli za watoto wenye ugonjwa wa Timothy, wa kurithi, unaotesa moyo na ubongo, na wakaona wazi neva zao hazitawanyi matawi kama inavyotakiwa. Wakati wa mlipuko wa virusi vya Zika 2016 vidonge hivihivi vilisaidia kuonyesha virusi vinaua seli ambazo zingekuja kuwa neva, ndo maana watoto walikuwa wanazaliwa na vichwa vidogo. Mkiweka sheria, mnaowachelewesha ni watoto kama wangu. Kwanza mnalinda nini?

Mleta mada:

Dada pole sana, na asante kwa kuandika. Jibu langu nataka liwe la moja kwa moja. Mpaka ninaousema mimi haugusi kabisa kidonge kilichooteshwa kutoka kwenye ngozi ya mwanao kuangalia breki zimeharibikia wapi. Kile hakijaunganishwa na chochote, kiendelee, tena kipewe hela zaidi.

Watu wanasikia mpaka wanadhani ni kufunga mlango. Angalieni viinitete. Kamati ya Mary Warnock Uingereza ilipendekeza 1984 kwamba kiinitete kisikuzwe maabara zaidi ya siku 14, ikaingia kwenye sheria 1990, na chini ya sheria hiyohiyo utafiti wa kupandikiza mimba uliendelea kwa miongo. Watafiti walijua wanasimama wapi na watu wakawaamini. Alafu kuna hili la Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, 2019 ambalo nalipenda sana, walichukua bongo za nguruwe 32 saa nne baada ya kuchinjwa, wakazipitishia kimiminika cha kufanya kazi ya damu, na baadhi ya kazi za seli zikarudi. Kwenye kile kimiminika waliweka makusudi kemikali za kuzuia neva zisirushe ishara kwa pamoja, na dawa ya usingizi iliwekwa tayari endapo dalili yoyote ya fahamu ingejitokeza. Walijiwekea breki kabla ya kuona hatari. Mi ndo ninachotaka kiandikwe kiwe lazima kwa wote, sio kitegemee moyo mzuri wa mtafiti mmoja.

Mchangiaji wa tatu:

Mnazungumza kidonge kinahisi au hakihisi, mimi nauliza ngozi ni ya nani. Mwaka 1951 madaktari walichukua seli za saratani za mgonjwa Mmarekani Henrietta Lacks bila kumuuliza, akafariki mwaka huohuo, seli zake zikasambaa maabara za dunia nzima, na familia yake ikaja kujua miaka zaidi ya 20 baadaye. Zile zilikuwa seli za saratani tu. Sasa mtu amesaini fomu ya "utafiti wa afya" akatoa kipande cha ngozi, baada ya miaka kadhaa neva zenye vinasaba vyake ziko kwenye ubongo wa panya au zinacheza gemu. Huyo mtu angeulizwa siku ile angekubali? Wengine wangekubali bila shida, wengine wasingekubali kabisa, na hakuna kosa kwenye jibu lolote kati ya hayo, kosa ni kutoulizwa.

Mchangiaji wa kwanza:

Hapo kwenye ridhaa sina ubishi. Kwenye mpaka bado nina swali la kiufundi, utapimaje? Kundi la mtafiti Alysson Muotri 2019 lilikuza oganoidi miezi 10, zikatoa mawimbi ya umeme yenye mfanano na ya watoto njiti. Magazeti yakapiga kelele. Lakini mawimbi yapo hata kwa mtu aliyelazwa kwa dawa ya usingizi, kwa hiyo mawimbi sio kipimo cha fahamu, na hakuna kipimo kingine kinachokubaliwa na wote. Sheria isiyo na kipimo ni matatizo.

Mleta mada:

Ndo maana nilisema toka mwanzo mpaka uwe wa miunganiko mkuu. Fahamu huwezi kuikata ukaiweka chini ya hadubini, sinapsi unaweza. Unaweza kuangalia kidonge kinapokea ishara kutoka kwenye neva za kuhisi au hakipokei, kinatoa ishara inayoendesha kitu au hakitoi, na je kinachotoka kinarudi tena kama kinachoingia, ile duara kamili. Kisichounganishwa, kiendelee kwa kanuni za kawaida. Kilichounganishwa upande mmoja, kamati ikipitie. Chenye duara kamili, au chenye njia ya maumivu, kiwe na kizuizi cha kemikali tayari na sababu iliyoandikwa kwa nini lazima kiwe cha binadamu. Ile kazi ya vipande vinne ingepita, maana tunahitaji dawa za maumivu zisizoleta uraibu, ila ingepita ikiwa imeulizwa.

Na ndugu wa ridhaa amenibadilisha, sikuwa nimeliweka hilo. Naongeza.

Mchangiaji wa kwanza:

Hiyo ya kupima miunganiko naweza kuishi nayo. Ya sababu iliyoandikwa naogopa itageuka karatasi za kugongewa mihuri tu, lakini sawa.

Mchangiaji wa pili:

Nimerudia kusoma yote. Ngozi ya mwanangu naitoa hata kesho, wakitaka na yangu pia waichukue. Nachoomba kwenye fomu uwekwe mstari mmoja, kwamba siku watakapotaka kuziunganisha zile neva na njia ya maumivu wanipigie simu kwanza. Siwezi kusema sasa hivi nitawajibu nini.