Tupeane uzoefu: filamu fupi ya taharuki kwa kazi ya darasa, hapa Nairobi

Mwanzilishi wa mada

Hamjambo nyote. Kikundi chetu cha wanafunzi wa uanahabari kimepewa kazi ya kutengeneza filamu fupi ya taharuki isiyozidi dakika saba, nasi tunatakiwa kuiwasilisha kabla ya muhula kufungwa. Tuna simu mbili, tripodi moja na chumba cha mwenzetu katika ghorofa ya nne huko Roysambu. Hadithi yetu inamhusu msichana anayeishi peke yake, ambaye anaanza kutambua kwamba kuna mtu anayeingia chumbani mwake wakati yeye yuko darasani. Hatutaki kumshtua mtazamaji kwa mlio wa ghafla halafu tumwache; tunataka angoje, na kungoja huko kumsumbue. Nawaomba waliowahi kufanya kazi ya aina hii watusimulie yaliyowafaa na yaliyowatatiza, hasa yale ambayo hayafundishwi darasani.

Mchangiaji wa Umoja

Mimi nilishika upande wa sauti katika kikundi chetu, na naamini kwa dhati kwamba taharuki hukaa masikioni kabla ya kufika machoni. Tulikuwa na tukio ambalo mhusika amelala kitandani, taa zimezimwa, na mtu anapanda ngazi za ploti. Mtu huyo haonekani hata mara moja. Tulirekodi hatua zake kando, usiku wa manane, baada ya majirani kulala na magari kupungua barabarani, tukimtumia mwenzetu aliyevaa ndara ambayo wayo mmoja ulikuwa umeanza kubanduka. Hatua moja ilisikika kavu, na ya pili ikaburura kidogo sakafuni. Basi mtazamaji alipozisikia hatua hizo mara ya kwanza mwanzoni mwa filamu, mchana, mhusika akiwa sokoni, hakuzijali; alipozisikia tena usiku, alijua ni za nani bila kuambiwa, na darasa zima lilinyamaza.

Jambo la pili ni kwamba kila chumba kina sauti yake hata kikiwa kitupu: friji ya jirani, maji yanayopanda kwenye tangi, redio ya mbali. Kabla ya kuondoka mahali mnaporekodi, waambieni wote wanyamaze, kisha mrekodi ukimya huo kwa muda wa nusu dakika au zaidi. Mtakapohariri, mtautandaza chini ya mazungumzo ili sauti isikatike kila picha inapobadilika. Mkitumia simu moja kwa picha na nyingine kwa sauti, mmoja wenu apige kofi moja mbele ya kamera kila mnapoanza; kofi hilo ndilo litakalowasaidia kuoanisha picha na sauti.

Mji huu hauna ukimya wa bure, kwa hiyo ni vyema mkachunguze mahali penu mapema, saa ileile mnayonuia kurekodi. Anayerekodi South C atasikia ndege ndogo za uwanja wa Wilson, wa Embakasi atasikia kubwa, na anayerekodi chini ya mabati wakati wa mvua za Machi hadi Mei ajue kwamba manyunyu mepesi tu yatafunika kila neno.

Mwalimu, Dagoretti

Nimewasimamia wanafunzi wa sekondari katika kitengo cha filamu cha Tamasha za Kitaifa za Drama na Filamu, na ningependa kuongezea ya mchangiaji wa Umoja. Swali ninalowauliza wanafunzi wangu kabla hawajashika kamera ni hili: mtazamaji anajua nini ambacho mhusika hajui? Vijana wengi huficha kila kitu wakidhani kwamba siri ndiyo inayoleta taharuki, ilhali mtazamaji asiyejua lolote hana la kuogopa.

Nitatoa mfano wa mswada mmoja tulioufanyia kazi. Mwanafunzi wa bweni ameficha simu, na matroni anafanya ukaguzi. Katika toleo la kwanza kamera ilimfuata matroni kitanda kwa kitanda mpaka akaipata simu, na watazamaji wakashangaa kwa sekunde moja tu. Tuliandika upya. Safari hii picha ya kwanza ilikuwa ya ndani ya sanduku la bati: sare zilizokunjwa, kopo la sukari, na simu katikati, kioo chake kikiwaka kwa sababu mama wa mwanafunzi alikuwa anampigia. Simu haikuwa na mlio, ila ilitetemeka, na kila ilipotetemeka ilisogea kidogo kuelekea ukuta wa sanduku. Kisha ndipo tukamwonyesha matroni akiingia bwenini. Hatukubadilisha mwendo wake hata hatua moja, lakini sasa kila mtazamaji alikuwa akihesabu vitanda vilivyosalia na kuomba simu isiguse bati.

Kwa hiyo msichana wenu wa Roysambu asiwe wa kwanza kujua. Tuonyesheni kikombe alichokiacha upande wa kushoto wa meza asubuhi, halafu jioni kiwe upande wa kulia, naye apite bila kukitazama.

Mchangiaji wa Pipeline

Nazungumzia mwanga, kwa kuwa ndio uliotupa kazi kubwa. Simu nyingi hurekodi picha 30 kwa sekunde, na zikiachwa zijiamulie zenyewe, mara kwa mara shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha, hukaa kwenye 1/60 ya sekunde. Stima ya Kenya huenda kwa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za mirija na balbu za bei nafuu huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Jicho halioni, lakini kamera huona: mistari myeusi inapanda ukutani na picha inapepesa. Pakueni programu ya kamera inayowaruhusu kuchagua mipangilio wenyewe, mrekodi picha 25 kwa sekunde na shata iwe 1/50, na mistari hiyo itatulia.

Mkitaka anga ya wakati wa magharibi, ile yenye buluu nzito huku madirisha ya ghorofa yakianza kuwaka, mjue kwamba sisi tuko karibu sana na Ikweta. Jua linazama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na giza linafuata kwa kasi. Mtapata dakika kama 20 tu za mwanga unaofaa. Sisi tulifanya mazoezi ya tukio hilo mchana kutwa, tukaweka alama za chaki mahali pa kusimama, na mwanga ulipofika hakuna aliyeuliza aende wapi. Tukio likiwa na picha nyingi, ligawanyeni katika jioni kadhaa na waigizaji wavae nguo zilezile.

Mama wa mwanafunzi, Kayole

Mimi si mtengenezaji wa filamu, lakini binti yangu na wenzake walirekodi tukio la utekaji hapa mtaani kwetu, nami niliwapikia na kukaa nao, kwa hiyo naomba mnisikilize. Walikuwa wamemwarifu mwenyekiti wa Nyumba Kumi na msimamizi wa ploti, na ujumbe ulikuwa umetumwa kwa wapangaji wote. Hata hivyo, kijana wa bodaboda aliyekuwa akipita, asiye wa mtaa wetu, aliona wavulana wawili wakimvuta msichana anayepiga kelele kuelekea gari, akasimamisha pikipiki na kuanza kuita watu. Namsifu kijana yule, kwa sababu alifanya lililo sahihi. Kilichookoa hali ni kwamba msimamizi wa ploti alikuwa amesimama palepale, akiwa mtu mzima anayejulikana, na akawaeleza waliokusanyika kabla mtu hajarusha jiwe.

Wanangu, katika mji huu mtu akilia kwamba anaibiwa au anatekwa, watu hutoka na chochote kilicho mkononi. Msirekodi tukio la namna hiyo barabarani bila mtu mzima anayefahamika kusimama mbele ya kamera na mwingine nyuma yake. Bunduki ya bandia msiitoe nje kabisa, hata kama ni ya mbao, kwa kuwa askari aliye mbali hawezi kuitofautisha na ya kweli. Kama tukio linawezekana ndani ya lango, lifanyieni ndani. Tukio lile walilimalizia ndani ya ua, kamera ikitazama chini ya mlango wa gari, tukaona viatu tu, na kwa maoni yangu lilitisha zaidi kuliko lile la barabarani.

Mchangiaji wa Ngara

Kwa ufupi kuhusu sheria: Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inadai leseni kwa filamu inayotengenezwa ili ionyeshwe kwa umma au iuzwe. Mkiwa na nia ya kuipeleka filamu yenu nje ya darasa, ulizeni mapema katika Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya, na mtembee na barua ya chuo. Katikati ya jiji askari wa kaunti walitusimamisha mara tu tulipofungua tripodi. Barua ilitusaidia kuondoka kwa amani, ila kibali cha kuendelea hatukupata.

Mchangiaji wa Kahawa Sukari

Hakuna aliyetaja siku ya kuonyesha. Filamu za taharuki huwa na giza, na madarasa mengi hayana mapazia. Picha iliyopendeza kwenye kompyuta usiku hugeuka kuwa ukuta mweusi projekta ikiwashwa saa nne asubuhi. Ombeni ufunguo wa darasa siku chache kabla, mwashe projekta ileile, mketi safu ya nyuma, kisha mrudi kuongeza mwanga kwenye nyuso na mikono, mkiyaacha giza mambo mengine. Vilevile bebeni spika yenu, maana hatua za ndara alizozisifu mchangiaji wa Umoja hazitasikika kwenye spika ya kompyuta.

Mwanzilishi wa mada

Nawashukuru sana, na hasa mama wa Kayole, kwani tulikuwa na tukio la kukimbizana barabarani ambalo sasa tumelihamishia kwenye ngazi za ploti. Kikombe cha mwalimu tayari kimeingia katika mswada. Limebaki jambo moja linalotutatiza: mdogo wa mwenzetu, mwenye umri wa miaka saba, anaigiza mtoto wa jirani anayemwona mgeni huyo, na hatutaki aogope kwa kweli wala akose usingizi baadaye. Aliyewahi kumwongoza mtoto katika tukio la hofu, naomba atueleze alimwambia nini kabla ya kurekodi.