Naombeni ushauri: nanyonyesha, nimeanza dawa, mtoto anaharisha

Ua la Kibaoni: Habari za usiku wakuu. Nina kichanga, uzao wangu wa kwanza. Juzi titi la kushoto lilivimba, likawa jekundu na la moto, usiku nikatetemeka kwa homa hadi blanketi halikutosha. Nimeanza antibayotiki, leo siku ya pili. Tangu jana mtoto anatoa choo cha majimaji, nepi haimalizi nusu saa. Je, dawa inapita kwenye maziwa? Nimwachishe mpaka nimalize dozi? Mama mkwe anasema maziwa yameshaharibika, kinachotoka ni usaha. Naogopa sana.

Baba Pacha: Pole sana dada. Mke wangu yalimpata hayo tulipopata mapacha. Shangazi yake alikuja na majani ya kabichi, akawa anamkanda nayo. Mimi nilikuwa sokoni kila asubuhi kutafuta kabichi, mpaka muuzaji akadhani nimefungua mgahawa. Usikate tamaa, yanapita.

Mluguru Halisi: Mabinti wa leo kila kitu dawa. Mama yangu katulea saba, titi likivimba anapitishiwa kitana taratibu, maziwa yanashuka, kesho yuko shambani. Mmeacha kuwasikiliza wazee.

Mkunga Mstaafu: Mwanangu, kwanza usimwachishe. Maziwa yakilala kwenye hilo titi ndiyo yanazaa jipu. Mnyonyeshe hapo hapo panapouma, yanayobaki kamua. Dawa nyingi tunazowapa wanaonyonyesha, kama amoksilini na kloksasilini, zinapita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo mno. Mtoto anaweza kulegea choo au kupata utando mweupe mdomoni, na vyote vinatibika. Lakini si dawa zote. Umepewa ipi, na nani, na mtoto ana umri gani?

Ua la Kibaoni: Asante mama. Ni za kawaida tu, vidonge vyeupe. Mtoto bado mdogo.

Mkunga Mstaafu: Vidonge vyeupe viko vingi. Nisomee kilichoandikwa kwenye karatasi yake.

Ua la Kibaoni: Septrin. Zilikuwepo ndani, alizibakiza mdogo wangu alipougua mkojo mchafu. Mtoto ana siku 17. Alizaliwa na wiki 35 na macho yana manjano kidogo, ila niliambiwa nimuanike jua la asubuhi. Sikusema mwanzo kwa sababu nilijua mtanisema. Kituo kiko mbali, bodaboda usiku huu ni 8,000, na mume wangu yuko safarini. Nami nikaona dawa ni dawa, zote zinaua wadudu. Halafu tangu jana mchana nampa maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji ili yangu yapumzike. Anakunywa vizuri, kwa hiyo sidhani kama nimekosea sana.

Jicho la Tatu: Septrin si dawa ya watu wa CTC, kliniki ya wenye VVU? Sema ukweli wote usaidiwe.

Baba Pacha: Jicho, acha hayo. Mimi nimepewa Septrin ya kuhara tangu niko shule ya msingi. Na hata angekuwa wa CTC, kosa liko wapi?

Mzee wa Ushahidi: Wakuu, hii chai. Titi, homa, njiti, manjano, kuhara, mume safarini na mama mkwe, vyote ndani ya siku mbili? Akaunti imefunguliwa leo. Kesho mtaona namba ya kuchangia.

Mluguru Halisi: Hapo umenena. Na mtu mwenye homa anaandikaje vizuri hivi?

Ua la Kibaoni: Nimejiunga leo kwa sababu leo ndiyo nimekwama. Sijaomba hata shilingi ya mtu.

Mkunga Mstaafu: Ikiwa chai, iwe chai, kuna mama mwingine anasoma hapa na vidonge kavishika mkononi. Septrin ina salfa. Mtoto mkubwa mwenye afya ni habari nyingine, lakini kwa aliye chini ya mwezi, njiti, au mwenye manjano, tunaiepuka, kwa sababu salfa inaachia ile rangi ya manjano kwenye damu, nayo ikizidi inaingia kwenye ubongo. Hata watoto wa akina mama wenye VVU huanzishiwa Septrin wakifika wiki 6 hivi. Kuhara huko huenda kumetokana na hayo maziwa ya ng'ombe. Acha vyote viwili. Sasa mlete kwenye mwanga, bonyeza ngozi ya nyayo kwa kidole, uniambie unaona rangi gani.

Ua la Kibaoni: Ni njano. Viganja pia. Na tangu saa kumi na mbili jioni hataki chochote, analala tu. Nilisema anakunywa vizuri, ilikuwa jana.

Mkunga Mstaafu: Ondoka sasa hivi. Usisubiri asubuhi wala jua. Mbebe kifuani, ngozi kwa ngozi, asipate baridi. Chukua kadi ya kliniki na hivyo vidonge.

Baba Pacha: Niandikie faraghani uko wapi, nauli ya boda naituma.

Mzee wa Ushahidi: Si niliwaambia? Hela hiyo imefika.

Ua la Kibaoni: Mama mkwe ameshaita boda, anaenda nami.

*(Asubuhi)*

Ua la Kibaoni: Tumelazwa. Wamempima damu, wamemlaza chini ya taa ya bluu amefungwa macho. Mimi nimebadilishiwa, natumia kloksasilini na nanyonyesha matiti yote mawili. La kushoto linauma hadi machozi, ila limeanza kulainika. Alfajiri amenyonya dakika kumi.

Mzee wa Ushahidi: Weka picha ya kadi tuamini.

Mkunga Mstaafu: Usiweke, mwanangu. Mnyonyeshe.