Nasoma kwa Kiingereza usiku, nafundisha kwa Kiswahili asubuhi: maneno nitayatoa wapi?

NyarKano

Hamjambo nyote. Mimi ni mwalimu wa sekondari msingi upande wa Awasi, kule mashamba ya miwa yanakoanzia ukitoka Kisumu. Nafundisha Kiswahili na Dini, na ushauri nasaha nimeachiwa mimi. Tangu Agosti nasomea cheti cha uzamili cha elimu ya afya ya uzazi katika chuo kimoja cha Marekani, yote kwa mtandao. Karo nalipa kwa awamu, na nusu yake ni mkopo wa sacco.

Darasa la moja kwa moja huwa Jumanne saa kumi na mbili jioni kwao. Kwetu ni saa saba usiku wa kuamkia Jumatano. Waliporudisha saa zao nyuma mwezi wa Novemba likawa saa nane, na litabaki hapo mpaka Machi. Nalala mapema, simu inaniamsha, nachemsha chai, nakaa jikoni kwa sababu ndiko mtandao unakoshika na kwa sababu mama mkwe analala sebuleni. Saa moja kasorobo niko langoni shuleni. Usingizi siulalamikii, nilijua nitaukosa. Kinachonikwamisha ni maneno.

Mwaka jana muhula wa pili, msichana wa Gredi ya 7 alinijia akiwa amefunga sweta kiunoni. "Madam, nimeumia." Nikamuuliza umeumia wapi. "Huko." Nikainama kumwangalia magoti, nikidhani ameanguka uwanjani. Kumbe alikuwa ameanza hedhi, na tangu asubuhi alikuwa amekalia daftari lake la Hisabati ili asichafue benchi. Jalada lilikuwa limeshika damu pembeni. Nilimpa sodo, nikampeleka akanawe, na muda wote huo aliliziba lile daftari kwa mikono miwili kama kitu alichoiba.

Basi wiki ya tatu ya masomo, mkufunzi akatuambia kila mmoja aandike jina alilofundishwa utotoni la sehemu anayokojolea. Wenzangu wakaandika majina ya maua, ya ndege, ya vyakula. Mimi nilikaa na kalamu mkononi, mwishowe nikaandika "huko". Sikuwa na jingine. Mwalimu ninayelipwa kufundisha Kiswahili nilikuwa sawa na yule mtoto.

Sasa kuna zoezi: niandae somo la dakika 40 kuhusu mwili unavyobadilika wakati wa kubalehe, nilifundishe kwa lugha ya wanafunzi wangu, nijirekodi kwa video na kuipakia. Shule yetu ni ya mchanganyiko, Wajaluo, Wanandi, Waluhya na Wakisii, kwa sababu ya kazi za miwa. Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Nilijaribu kipande kidogo wiki iliyopita. Nilipoandika "uke" ubaoni, mvulana mmoja akainua mkono, akauliza kwa adabu kabisa: "Madam, ni kama ule uke wenza?" Kwao kuna mama wawili. Sikujua nimjibu nini.

Naomba msaada wenu. Mnatumia maneno gani ambayo si matusi na wala si ya kitabu cha daktari? Nirekodi vipi watoto wakiwemo? Na waliomaliza masomo kama haya, cheti kimewafaa wapi hapa Kenya?

Nesi wa Busia

Mwalimu, pole na hongera. Nilimaliza cheti kama hicho mwaka juzi, kwa hiyo hizo saa nane za usiku nazijua.

Nianze na video, maana hapo unaweza kuharibikiwa. Usirekodi watoto. Sheria ya Watoto ya 2022 inalinda faragha yao, na hata mzazi akikutilia sahihi, video ikishapakiwa huko nje huna njia ya kuirudisha. Mwandikie mkufunzi wako leo hii, usingoje wiki ya mwisho. Mimi niliandika kwamba mada hii katika mazingira yetu inaweza kumgharimu mtoto akionekana sura. Nikaruhusiwa kufundisha watu wazima, simu ikinitazama mimi na ubao peke yake. Wanafunzi wangu walikuwa wahudumu tisa wa afya wa kijiji, chini ya mwembe nyuma ya zahanati. Wakufunzi wa huko wanasikia, mradi uwaambie mapema na kwa maandishi. Usipowaambia, hawawezi kujua.

Kuhusu maneno nina jambo zito kidogo, na nimebadilisha mawili matatu ili asitambulike mtu. Nafanya kazi kwenye chumba wanakoletwa waliodhulumiwa kingono. Aliletwa mtoto mdogo, akasema fulani "amenishika mfuko". Gauni lake lilikuwa na mifuko miwili mbele. Tulikaa tukimuuliza habari za ile mifuko: alitaka kukuchukulia nini, kulikuwa na pesa? Mtoto anajibu anavyoweza. Ni nyanya yake alipofika ndipo tukaelewa kwamba "mfuko" ndilo jina walilompa la uke. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72 na mtoto yule aliletwa siku ya tatu. Tuliwahi, lakini nilipotoka pale mikono ilikuwa inatetemeka. Tena kwenye fomu inabidi niandike maneno yake mtoto kama alivyoyasema, na neno likiwa fumbo, kesi inaanza kwa fumbo.

Ndiyo maana mwongozo wa UNESCO, ule wa 2009 uliorekebishwa 2018, unaanza na watoto wa miaka 5 hadi 8, na katika mambo ya kwanza ya kundi hilo ni mtoto kujua majina ya sehemu za mwili wake. Unapatikana bure mtandaoni, utakusaidia pia kwa zoezi lako. Mimi nimeacha kusema "sehemu za siri". Siri ndiyo mtu mbaya anayomwomba mtoto aitunze. Nasema sehemu za uzazi, kisha nataja jina lenyewe. Na kila somo nalimaliza kwa namba 116, ya kuripoti mambo ya watoto, kupiga ni bure.

Hujataja SAR, labda hamjafika. Ni kikao cha kupima mitazamo yako mwenyewe: mnaonyeshwa mambo, mnasikiliza watu wakieleza maisha yao, kisha mnazungumza kilichokugusa ndani. AASECT, chama cha Marekani cha walimu na washauri wa fani hii, kilichoanzishwa 1967, kinataka zisipungue saa 10 kwa anayeomba ithibati yao. Usifanyie jikoni mama mkwe akiwa sebuleni. Tafuta chumba, hata cha kukodisha siku mbili, na uwe na mtu wa kuzungumza naye baadaye. Mimi niliwasha kompyuta nikidhani nesi wa miaka kumi na tano hashtuki tena na lolote. Nililia siku ya kwanza jioni.

Cheti: hakikisha kwanza chuo kimeidhinishwa kwao na chombo kinachotambuliwa. Hapa kwetu, CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu, ndiyo iliyokuwa ikitambua na kulinganisha vyeti vya vyuo vikuu vya nje, anzia hapo na uweke matokeo yako yote. Ithibati ya AASECT ni kitu kingine kabisa, usichanganye. Mimi hakikunipandisha daraja. Kilinipa kazi ya kuwafunza wenzangu kaunti nzima, na ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote.

BintiLikoni

Dada NyarKano, yule mvulana hakukosea hata kidogo, ana sikio la lugha. Mke, kike, uke: mzizi ni mmoja, -ke. Mume, kiume, uume: -ume. Uke wenza ni hali ya kuwa wake wa mume mmoja, na uke ni kile cha mwili kinachobeba jina la kike lenyewe. Mwambie hivyo mbele ya darasa, na umsifu. Ni maneno safi, yametoka mahali pa heshima. Yale mengine unayoyajua, ya matusi, hayakuumbwa machafu, watu ndio waliyachafua kwa kutukania mama za wenzao.

Huku pwani msichana alikuwa na somo wake, au kungwi, mtu mzima asiyekuwa mamake, wa kumweleza. Akianza kuona mwezi husemwa amevunja ungo. Maneno mengi ya wazee ni mazuri kuliko ya vitabu. Chukua "mji wa mimba". Mtoto akilisikia anaona mahali, anaona mtu anakaa humo. Kwa wavulana sema korodani, ile nyingine wataicheka mpaka kengele ilie.

Na nikwambie kingine. Mimi nilisoma madrasa kabla sijaingia shule. Hedhi, nifasi (damu ya baada ya kujifungua), janaba (hali inayomlazimu mtu kuoga kabla ya kusali), kutawadha, kuoga: vyote tulifundishwa kwa majina yake, kwa sababu bila kuvijua sala yako haisimami. Ustadhi alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, anasema "hedhi" kwa sauti ileile anayosemea "unga". Hatukucheka, maana yeye hakubadilika uso. Somo lako litategemea uso wako zaidi ya maneno, dada. Jizoeze kwa kioo.

Baba wa Watatu, Njoro

Mimi si mwalimu, ni mzazi tu, na niliwahi kuwa upande wa wanaokataa. Kwenye mkutano wa wazazi shuleni kwetu walikuja wageni na picha za ukutani za Kiingereza. Tukaomba makaratasi tukasome nyumbani, hawakutuachia. Nilinyoosha mkono kupinga, na sikuona aibu. Watu wengi wamesikia tu kwamba serikali ilitia sahihi kitu Cape Town mwaka 2013, kisha wakasikia neno "ngono" na "shule" katika sentensi moja. Mzazi gani hatashtuka?

Muhula uliofuata mwalimu wetu wa Sayansi, mama mmoja mtulivu, alipanga chati zake juu ya meza baada ya mkutano, akasema anayetaka aangalie, na akasimama pale mpaka mtu wa mwisho. Niliangalia chati ya hedhi nikiwa na umri wa miaka 44 na binti wawili nyumbani. Mengi pale sikuyajua. Nikabadilisha msimamo.

Kwa hiyo Mwalimu, swali langu: mwalimu mkuu na wazazi wameliona hilo somo lako? Na bado naamini watoto waambiwe pia wangoje, wamalize shule. Hilo silitoi.

NyarKano

Nimewasoma wote mara mbili. Mkufunzi amejibu: watu wazima sawa, kamera kwa ubao tu, kisha niandike kurasa mbili kuhusu nitakavyolibadilisha somo kwa watoto wenyewe.

Baba wa Watatu, ulichouliza kilinichoma, kwa sababu mwalimu mkuu alikuwa ameliona lakini wazazi la. Ijumaa jioni nimeweka meza chini ya mti, karibu na mahali wanapochukulia ripoti. Na kungoja kumo ndani ya somo, pamoja na namna ya kusema hapana na nani wa kumwambia kama hapana yako haikusikizwa.

Halafu kuna hili. Mama mkwe aliniuliza huwa naongea na nani usiku. Kumbe wiki zote hizo alikuwa macho. Nikamweleza, nikingoja anikemee. Akanyamaza, kisha akaniambia habari za siwindhe, nyumba ya bibi walikolala wasichana zamani, na pim, yule bibi mwenyewe, aliyewafundisha humo gizani, wote wamejilaza. "Mama yako hakukwambia. Pim ndiye aliyekwambia. Ikaondoka ile nyumba, na hakuna aliyekuja mahali pake." Akasema atakaa mstari wa mbele.

Jumamosi nilifundisha akina mama wanane wa chama chetu, uani, ubao nikiwa nimeuazima shuleni. Nilipoandika "mji wa mimba" mama mkwe akanisimamisha, akaomba nilisome tena, naye akalirudia polepole. Nilitaja uke na uso wangu haukubadilika, BintiLikoni, nilikuwa nimefanya mazoezi kwa kioo cha kabati siku tatu.

Bado jambo moja. Nimeweka kisanduku cha maswali darasani. Karatasi nne za wavulana zinauliza kitu kilekile, kinachowatokea usingizini, na mmoja ameandika anaogopa ni ugonjwa. Kitabu kinasema "ndoto nyevu", na hakuna aliyeelewa. Wazee huko kwenu walisemaje?

BintiLikoni

Husemwa tu ameota. Madrasani tulifunzwa: mvulana akiota akatokwa na manii, hiyo ni alama ya kubalehe, hana kosa wala ugonjwa, aamke aoge. Waandikie hivyo hivyo, na yule anayeogopa mjibu wa kwanza.